Siagi ya ubaoni kwa joto la Tanga: kabla hujawaandalia wageni, soma hapa

Mabinti wa hapa mjini wameshanitumia ile video mara nyingi tu. Ubao mzuri, siagi imepakwa mawimbi mawimbi, juu kuna asali, majani, karanga na maua, alafu watu wanachovya mkate humohumo, na swali linakua lilelile, "dada, hii si naweza kuwawekea wageni wangu wa Idi?" Unaweza, na inapendeza kweli, ila itabidi uibadilishe maana hapa ni Tanga. Kazi yangu ni usalama wa chakula na lishe na hili nimeona niliandike lote sehemu moja, kila mtu alisome kwa nafasi yake.

Hii kitu ilisambaa mwaka 2022 mwezi wa tisa, dada mmoja wa Marekani anaitwa Justine Doiron aliiweka TikTok, na mwenyewe alisema wazo kalitoa kwa mpishi Joshua McFadden. Sasa fikiria mwezi wa tisa kule, ndani ya nyumba hali ya hewa ya nyuzi 20 hivi, siagi inakaa juu ya ubao laini lakini imesimama. Siagi inayeyuka kabisa ikifika kama nyuzi 32 mpaka 35. Wewe uko Ngamiani, mwezi wa pili, saa nane mchana, umeme umekatika na feni imesimama, hapo barazani kwako tayari ni nyuzi 32.

Hili limenikuta mwenyewe. Kulikua na shughuli ya kumuaga binti wa familia nikapewa meza ya vitafunio, nikatandaza nusu kilo nzima ya siagi juu ya ubao wa mninga, nikapamba vizuri, nikaenda kubadilisha nguo. Nimerudi baada ya dakika 20 siagi imejitenga, mafuta ya njano yanachuruzika pembeni mpaka kwenye kitambaa cha meza, asali yote imekimbilia katikati, sisimizi wameshafika, na wageni wa kwanza ndio wanaingia. Niliumia kweli, maana siagi sio kitu cha bei rahisi.

Ngoja nieleze kwanini inajitenga vile. Siagi kwa viwango inatakiwa iwe na mafuta ya maziwa asilimia 80 au zaidi, na maji yasizidi asilimia 16, kinachobaki ni vile vitu vyeupe vya maziwa, na chumvi kama imetiwa. Vyote hivyo vimeshikana kwasababu mafuta yameganda kiasi. Mafuta yakiyeyuka maji yanaachana nayo, na hata ukiirudisha kwenye friji ikaganda haiwi ileile, inakua na chengachenga. Ndio maana bibi zetu wa pwani tegemeo lao lilikua samli na sio siagi. Samli ni siagi unaichemsha mpaka maji yote yaishe na ule weupe unauchuja, kinachobaki ni mafuta matupu, inakaa kabatini muda mrefu bila friji. Walikua wanajua joto la kwao.

Kabla hatujafika kwenye kupamba, hakikisha hiyo uliyoshika ni siagi. Hapa kwetu mtu akisema "nipakie siagi" mara nyingi anamaanisha Blue Band, na ile ni majarini, imetengenezwa kwa mafuta ya mimea. Sio sumu na watu wanaila miaka yote, lakini ladha yake ni nyingine na kwa kitu ambacho siagi ndio chakula chenyewe mgeni ataijua tu. Soma karatasi ya pakiti, iandikwe siagi na kwenye viambato uone krimu au maziwa ya ng'ombe. Angalia pia alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho wa kutumika, na kama unainunua dukani ikute kwenye friji, sio kwenye shelfu juani. Ukiona pakiti imebonyea pembeni na imepoteza umbo lake, hiyo imeshayeyuka njiani ikagandishwa tena, iache hapohapo.

Wapo wanaotengeneza nyumbani, maana mkoa wetu una maziwa mengi na wafugaji wengi. Ni vizuri sana, ila jua kilo 1 ya siagi inakula karibu lita 20 za maziwa ya ng'ombe, na maziwa hayo au krimu yake lazima ipikwe kwanza kabla hujaanza kusukasuka. Maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30, krimu nyuzi 66 kwa muda huohuo, au kama huna kipimajoto chemsha mpaka ifure, alafu ipoe. Siagi ya maziwa mabichi inaweza kubeba vijidudu vya bruselosisi na kifua kikuu cha ng'ombe, na mama mjamzito ndio kabisa asiiguse. Naomba hili lisichukuliwe kama maneno ya wataalamu wa ofisini, homa ya bruselosisi mtu anaugua miezi, viungo vinauma, anapimwa malaria kila siku haionekani.

Haya, sasa jinsi ya kuifanya hapa kwetu. Mimi nilichokuja kukigundua baada ya ile shughuli ni kwamba ubao mkubwa mmoja wa siagi haufai pwani. Fanya vidogo, zamu kwa zamu. Siagi ya gramu 250 inatosha watu 8 mpaka 10, igawe mara mbili au tatu, kila sehemu kwenye kibao chake kidogo au sahani bapa, na vile visivyotumika vikae kwenye friji vimeshapambwa na vimefunikwa. Kimoja kikikaribia kuisha unatoa kingine. Wageni wanaona kitu kipya kila mara na wewe huna presha.

Resipi za nje zinakwambia toa siagi nje saa nzima ilainike. Usifuate, kwa hapa dakika 10 mpaka 15 zinatosha, ukibonyeza kwa kidole iingie lakini isishikilie kidole. Chukua mgongo wa kijiko, sukuma na uvute, sukuma na uvute, hayo mawimbi ndio yanayoshikilia asali na chumvi isitiririke. Usipake nyembamba, acha unene kama wa kidole kidogo, nyembamba inayeyuka kabla hujamaliza kupamba. Kibao chako kiwe kimekaa friji nusu saa kabla. Alafu mezani chukua sinia la chuma, mwaga barafu, tandika taulo safi ya jikoni juu yake, kibao kikae hapo. Hiyo sinia na barafu ndio imeniokoa mimi, na ukiweka majani ya mgomba pembeni kuficha barafu meza inapendeza kuliko hata ile ya kwenye video.

Kuhusu mapambo, hapa ndio mkoa wetu una raha, maana hakuna haja ya kutafuta vitu vya ajabu vya supamaketi. Machungwa ya Muheza, paruza lile ganda la juu tu, ule weupe wa ndani ni mchungu. Usishangae ganda ni la kijani wakati chungwa limeiva, ni kwasababu huku usiku hauna baridi ya kulifanya ganda ligeuke rangi, harufu yake ni ileile na kwenye siagi kijani kinapendeza. Ila lioshe kwanza kwa maji na sabuni kidogo alafu suuza sana, maana ganda ndio linaloliwa na limebeba vumbi la gunia na dawa za shambani. Iliki na pilipili manga za milima ya Amani, zisage palepale, za pakiti zilizokaa mwaka hazina kitu. Asali ya Handeni, kijiko kimoja tu. Korosho za kukaanga zilizopondwapondwa, ufuta, tende zilizokatwa vipande, nanaa, kotmiri. Mimi napenda zaidi iliki, asali, ganda la chungwa na chumvi ya bahari ya chenga kubwa, hiyo na boflo ya moto jamani, basi. Kwa wanaotaka ya chumvi chumvi, pilipili manga, limau, kitunguu maji chekundu kilichokatwa kama nyuzi na kotmiri, na uile na mkate wa mofa. Mahamri yanakubali ile ya iliki vizuri sana, hata chapati ukiikata pembetatu.

Kwenye mapambo hayohayo kuna mambo manne ambayo nayasisitiza bila kuchoka. Asali, mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe kabisa, hata kwa ncha ya kidole, inaweza kuwa na mbegu za kijidudu cha botulizimu ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu na la kichanga haliwezi. Na kwenye shughuli zetu watoto wanapokezana mikononi kwa kila shangazi, kwahiyo mwambie mama wa mtoto mapema. Kitunguu thomu nacho, kile kibichi au cha kuchoma ukikichanganya kwenye siagi au mafuta usikiache nje, kijidudu hichohicho kinapenda sehemu isiyo na hewa kama ndani ya mafuta, kichanganye siku hiyohiyo na kikae friji. Karanga na korosho zina watu wanaovimba midomo na kubanwa pumzi wakila, weka kwenye kibao cha peke yake na kijiko chake na uwaambie wageni kwa mdomo kwamba hapa kuna korosho. Maua ndio la mwisho. Asumini na waridi vinaliwa, lakini yale ya sokoni yaliyotungwa kwa ajili ya nywele yameshikwa na mikono mingi na yamenyunyiziwa maji usiyoyajua, tumia ya uani kwako ambayo hujapiga dawa. Ua ambalo hujui kama linaliwa usiliweke hata kwa urembo, kuna miti ya fensi kama mioleanda yenye maua mazuri ya pinki na ni sumu jani mpaka ua.

Sasa kula. Sisi watu wa pwani kula pamoja sio jambo la kufundishwa, tunakaa sinia moja watu sita, lakini kumbuka kabla ya sinia birika la maji na bakuli vinazunguka kila mtu ananawa, na kila mtu anakula upande wake. Kwenye ile video utaratibu huo haupo, mtu anang'ata mkate alafu anauchovya tena palepale katikati, na mwenzake anafata. Siagi yenyewe sio rahisi kuoza kwasababu ina mafuta mengi, na chumvi kama imetiwa, hatari inaletwa na mikono, mate, na yale majani na matunda yenye maji uliyoyaweka juu. Kwahiyo zungusha birika kama kawaida, weka visahani vidogo na visu vidogo viwili vitatu kwenye kibao, mgeni anachota siagi anaweka kwenye kisahani chake na mkate anauchovya huko. Mkate ukae kwenye kapu lake na koleo, umefunikwa kawa kuzuia inzi. Hakuna mgeni atakayeona umemdharau, mwenyeji akianza kuchota hivyo yeye wa kwanza wote wanamfata.

Muda wa kibao kukaa mezani ni saa 1 tu. Kanuni ya kawaida ya chakula cha aina hii ni saa 2 nje ya friji, lakini joto likizidi nyuzi 32 inakua saa 1, na hapa kwetu bora uhesabu saa 1 mwaka mzima. Kilichobaki kwenye kibao tupa. Najua inauma, na najua kuna anayesema ntaikaangia mayai kesho moto utaua kila kitu. Moto unaua vijidudu lakini kuna sumu inayoachwa na vijidudu vya kwenye ngozi na pua za watu, ile haifi kwa kukaanga, na ndio inayofanya watu watapike usiku wa shughuli. Ndio maana nimesema vibao vidogo, utatupa kijiko kimoja badala ya robo kilo.

Kiafya, kijiko kimoja cha chakula cha siagi ni kama kalori 100 na gramu 7 za mafuta yale mazito yanayoganda (saturated), na mtu mzima anashauriwa kwa siku nzima asipite kama gramu 22. Vijiko vitatu vimeshaimaliza siku. Mwenye presha chumvi ya juu mwondolee, tumia siagi isiyo na chumvi kisha chumvi ikae pembeni kwenye kikombe.

Kuhusu ubao wenyewe, mbao ngumu kama mninga au mvule ni nzuri, iwe haina nyufa na haijapakwa vanishi. Msiende kuomba vipande vilivyobaki kwa fundi seremala, nyingi ya mbao hizo zimepigwa dawa ya mchwa. Kibao cha chapati kinafaa kabisa kama hakijawahi kukatiwa samaki wala nyama, na ukitandika karatasi ya kuokea chini ya siagi ni salama zaidi na kuosha ni rahisi. Ukimaliza kwangua mafuta kwa tishu kwanza, osha na maji ya moto na sabuni, usikiloweke kwenye beseni kitapasuka, kisimamishe ubavu kwenye upepo mpaka kikauke ndani na nje ndio ukirudishe kabatini.