Unakwenda kusoma Japani? Maswali kuhusu chakula, chumvi na mazoezi

Kila mwaka kuna vijana wetu wanaopata ufadhili wa kusomea lishe, afya ya jamii au michezo nchini Japani. Nami nilipita huko, na maswali wanayoniuliza kabla ya kupanda ndege hayapishani sana.

Chakula cha Kijapani si ndiyo dawa yenyewe? Nikikila tu sitakuwa na afya?

Nusu ni kweli. Samaki, tofu (jibini ya maharage ya soya), mboga na chai isiyo na sukari havina ubaya, na mwaka 2013 UNESCO iliyaingiza mapishi yao ya jadi, washoku, katika orodha ya urithi wa utamaduni. Tatizo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Wajapani hula karibu gramu 10. Wewe huioni ikimwagwa, maana imejificha kwenye mchuzi wa soya, supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa) na mboga za kusindika. Bakuli moja la rameni, yaani tambi za mchuzi, ukilinyanyua ukanywa mchuzi wote, laweza kumaliza chumvi yako ya kutwa. Kula tambi, mchuzi uache. Hakuna atakayekununia.

Wao wenyewe wanalijua hilo. Mkoa wa Nagano uliwahi kusumbuliwa mno na kiharusi, hadi wahudumu wa afya wa kujitolea wakawa wanapita majumbani kupima chumvi katika supu ya miso ya kila jiko. Leo Nagano ni miongoni mwa mikoa ambayo watu wake huishi miaka mingi zaidi. Kama kwenu kuna presha, pima yako kabla hujaondoka.

Wanakula wali kutwa mara tatu, mbona hawanenepi?

Tazama bakuli. Lao linaenea kiganjani na hubeba wali wa gramu 150 hivi. Ubwabwa wetu wa sahani iliyochongoka kama kichuguu ungetosha watu watatu pale. Wazee wa Okinawa wana msemo, hara hachi bu: shiba sehemu nane kati ya kumi, ukomee hapo. Halafu hili la kula wanalifundisha. Tangu 2005 wana sheria ya elimu ya chakula, shokuiku, na katika shule za msingi utakuta watoto wamevaa kofia na aproni nyeupe wakipakuliana chakula cha mchana darasani, kisha wanakula pamoja na mwalimu wao. Ukipata nafasi ya kutembelea shule, nenda. Nilijifunza mengi pale kuliko katika mihadhara ya muhula mzima.

Mimi lakini nilinenepa. Majira ya baridi ya kwanza nilikuwa nafanya kibarua jioni, na nikirudi usiku napitia duka linalokesha, nachukua kuku wa kukaanga na mkate mtamu, nakula peke yangu huku nikitazama simu. Upweke nao una kalori zake.

Mwani nao unaliwa?

Sana. Ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaulima na karibu wote kusafirishwa nje, wenzetu aina zake nyingine huzifungia wali na kuzitia kwenye supu. Kula bila hofu, ila uwe na kiasi kwa kombu, mwani mnene wa kupikia supu. Una madini joto mengi mno, na yakizidi huisumbua tezi ya shingo.

Mimi ni Mwislamu. Itakuwaje?

Jifunze herufi mbili kabla ya zote: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Mchuzi wa rameni mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe, na mirini inayotiwa kwenye michuzi ina kileo. Samaki na mayai vitakuokoa.

Gym ni ghali. Nifanye mazoezi gani?

Tembea na uendeshe baiskeli. Zile hatua 10,000 zinazotajwa duniani kote zilianzia hukohuko: mwaka 1965 kiliuzwa kifaa cha kuhesabia hatua kikaitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, na idadi hiyo ilitokana na biashara kuliko utafiti. Usijitese nayo, lenga dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki. Na ukiamka mapema, nenda bustani ya mtaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utakuta wazee wakinyoosha viungo kwa kufuata redio, kipindi kilichoanza mwaka 1928. Watakupa nafasi mstarini bila kuuliza jina.

Nikiugua?

Mwanafunzi anayekaa zaidi ya miezi mitatu husajiliwa bima ya afya ya taifa. Kwa kawaida wewe hulipa asilimia 30 ya gharama. Vyuo hupima afya kila mwaka, pamoja na picha ya kifua. Usikwepe. Dawa zako andika kwa jina la kitaalamu, na uulize ubalozi mapema, kwani zenye kodeini au sudoefedrini, hata za mafua tu, zaweza kukukwamisha forodhani.