Ridhaa ya mwenye nyumba ni nini hasa, ukitaka kukarabati fremu ya duka au nyumba uliyopanga

Hapa Mbeya watu wengi ukiwaambia habari ya ridhaa ya mwenye nyumba wanaelewa ile "aah wewe fanya tu mwanangu" unayopewa mlangoni siku ya kulipa kodi, kesho yake fundi yuko site na nyundo. Hiyo siyo ridhaa kamili jamani. Ridhaa ni makubaliano kwamba unabadilisha nini, hela anatoa nani, na siku ukihama hicho ulichoweka kinabaki cha nani, na likikosekana moja hapo mtagombana tu hata kama mlikuwa mnasalimiana vizuri miaka yote.

Ukipanga, ulichonunua ni haki ya kukaa na kutumia kwa muda wa mkataba, miezi sita, mwaka, miaka kumi, jengo lenyewe siyo lako. Kwahiyo vitu kama kubadili kitasa, balbu au kioo ulichovunja mwenyewe huendi kuomba, hayo ni matunzo. Ila kutoboa au kuondoa ukuta, kuweka tailizi, kugusa paa, kusuka waya za umeme upya, kuvuta maji ndani, hapo umeshaingia kwenye mali ya mtu na lazima akubali kwanza.

Mimi nilikuwa na fremu mbili zinazopakana Mwanjelwa nikataka ziwe moja. Nikampigia simu mwenye nyumba, mama mtu mzima wa Kinyakyusa, nikamwambia mama nataka nifungue hapo kati, akasema sawa mwanangu, ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa. Fundi akashusha ukuta mzima wa tofali za kuchoma, kumbe ule ukuta ndo ulikuwa umebeba kenchi, zile mbao za kushikilia paa, mvua za Februari zilivyokolea ufa ukapanda kutoka kona ya mlango mpaka kwenye dari, unaingiza kidole kinazama. Mama alikuja na mwavuli wake akasimama pale akauangalia muda mrefu, akasema, "Mwanangu, mimi nilijua unatoboa mlango wa kupita, sikujua unaondoa ukuta." Na alikuwa anasema kweli, neno "kufungua" yeye alilisikia kivyake na mimi nilikuwa na maana yangu. Nguzo mbili na mkanda wa zege nilijenga kwa hela yangu, na ilikuwa haki.

Toka siku hiyo naandika. Karatasi moja inatosha: "Naomba ridhaa ya kutoboa ukuta kati ya fremu ya 3 na ya 4, upana mita 1, na kuweka linta ya zege juu yake, gharama ni zangu, nikihama nitaziba au nitaacha kama utakavyotaka." Unaambatanisha picha ya ukuta ulivyo sasa na makadirio ya fundi, mnasaini nakala mbili.

Kwenye hela ndo panaumiza wapangaji wengi. Tuseme kodi ni 150,000 kwa mwezi na tailizi na fundi ni 600,000, mmekubaliana ikatwe yote kwenye kodi, basi hiyo ni miezi minne, andikeni inaanza mwezi gani na kuisha mwezi gani. Bila hivyo ukidai baadae unaambiwa nani alikutuma. Na ujue kitu kilichoshikana na jengo kinafuata jengo, tailizi na dari ya jipsamu huwezi kubandua ukaondoka nazo, ila shelfu na meza zako zilizosimama zenyewe unabeba. Grili ndo inaleta ugomvi kila siku kwasababu umeinunua wewe lakini imejengewa ukutani, hiyo itajeni kwa jina.

Halafu angalia anayekupa ruhusa ni nani. Dalali hana ruhusa ya kukupa. Nyumba za urithi ndo mbaya zaidi, kaka mkubwa anakubali, dada zake wanakuja wanasimamisha kazi, kwahiyo kama mwenye mali alishafariki muulizie msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, saini yake ndo ya maana.

Kuna jambo wengi hawalijui, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kama mkataba unakutaka uombe ridhaa kabla ya kufanya jambo fulani, mwenye nyumba hatakiwi kukunyima bila sababu ya msingi. Kwahiyo "sitaki tu" haitoshi, ila "utadhoofisha paa" ni sababu na kwa kweli ni nzuri. Mkishindwana kabisa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kitu cha kwanza utaulizwa ni maandishi yako.

Na ridhaa ya mwenye nyumba haiondoi kibali cha halmashauri. Ukigusa ukuta unaobeba, ukiongeza chumba au ukigeuza nyumba ya kuishi kuwa duka, nenda ofisi za jiji kabla hujaleta mchanga, la sivyo utaamka asubuhi ukute alama ya X nyekundu imepigwa ukutani na fundi umeshamlipa.

Kama mwenye nyumba anaishi Dar usisubiri aje, mtumie barua WhatsApp, asaini airudishe, uiprinti uiweke pamoja na mkataba na risiti za kodi. Yule mama wa Mwanjelwa siku hizi ndo ananidai mwenyewe, nikisema nataka kupaka rangi tu ananiuliza, "Barua iko wapi mwanangu?"