Chapa ya Rembrandt Haina Asili Nyingine

Kwa mara nyingine tena nimeulizwa, mbele ya chapa (picha iliyochapwa kwa bamba la shaba) ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, inayoonyesha wachungaji wakimjia mtoto Yesu usiku, picha yake ya asili iko wapi, kana kwamba karatasi ile ni nakala ya picha ya rangi iliyotundikwa mahali fulani Amsterdam. Picha hiyo haipo. Katika miaka ya 1650, Rembrandt alilichora tukio hili kwenye bamba la shaba lenye ukubwa wa takriban sentimita 15 kwa 20, akalitia asidi ili ile mistari ndani ya shaba, kisha akaongeza mistari kwa sindano kavu, yaani kwa kuikwaruza shaba moja kwa moja bila asidi. Kilichotoka kwenye mashine ya kuchapia, bamba likiwa limepakwa wino, ndicho kazi yenyewe.

Kuhusu asidi sitasema mengi. Linaloniudhi zaidi ni dhana kwamba bamba likiwa moja, basi chapa zake zote ni sawa. Sindano kavu huinua ukingo mwembamba wa shaba kandokando ya mkwaruzo. Ukingo huo hunasa wino na kutoa weusi laini kama mahameli, lakini uzito wa mashine huulaza mapema, na chapa za baadaye haziwezi tena kuupata weusi ule. Isitoshe, Rembrandt alilirudia bamba hili mara kadhaa na kulibadilisha. Halafu kuna kufuta wino. Kwa desturi mchapaji hufuta uso wa bamba mpaka ung'ae, wino ubaki ndani ya mistari peke yake. Hapa utando wa wino uliachwa makusudi, mzito kwenye giza na mwepesi kwenye mwanga wa fanusi ya mchungaji. Ndiyo maana katika chapa moja Maria na mtoto wanaonekana mara moja, na katika nyingine ni lazima macho yazoee kwanza.

Vitabu hupita kimya jambo moja: hata nikiwa na kioo cha kukuzia, kuna kona ambazo siwezi kuapa kwamba weusi wake ni wa mistari au wa wino ulioachwa, wala kwamba aliyefuta ni Rembrandt mwenyewe. Tena baadhi ya mabamba yake yalidumu, na mwishoni mwa karne ya 18, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake mwaka 1669, Basan, mfanyabiashara wa chapa, alikuwa akiyachapa huko Paris. Chapa hizo nazo zimetoka kwenye shaba yake, lakini mimi nakataa kuziweka safu moja na zile zilizochapwa enzi za uhai wake.