Maswali na majibu: mchezo wa kupaka rangi kwa zamu katika makazi ya wazee

Mchezo wenyewe unachezwaje?

Wazee 6 hadi 8 huketi kuzunguka meza, kila mmoja na karatasi yake. Ngoma ikilia wanapaka, ikinyamaza kila mtu anamsogezea karatasi yake jirani wa kulia. Mzunguko mmoja ni dakika 2. Wakiwa 8, baada ya mizunguko 8 kila karatasi inamrudia mwenyewe ikiwa na mkono wa kila mmoja, na hapo ndipo vicheko vinapoanza.

Bandika kila karatasi juu ya kipande cha kadibodi. Karatasi tupu iliyolowa huchanika njiani, na aliyepooza mkono mmoja hana wa kuishikilia isiteleze. Kwa wasiosikia vizuri, mpigaji ainue kanga kila anaponyamaza. Asiyetaka kuachia karatasi yake aachwe nayo, wengine wamruke.

Rangi tuipate wapi?

Jikoni. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi hadi mabuje yaishe, kisha mimina kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka. Endelea kukoroga kwenye moto mdogo dakika 3 hadi 5. Uji huo ukipoa udondoke kijikoni taratibu kama mtindi: ukiwa mzito utapasuka ukikauka, ukiwa mwepesi utachuruzika. Gawa katika mabakuli matatu, utie rangi ya chakula nyekundu, bluu na njano. Kwa njano, manjano ya unga yanatosha. Zaidi ya rangi tatu ni kuwachanganya wazee bure. Kwa joto la Mtwara na Lindi uji huu huchacha upesi, basi kinachobaki kimwagwe siku hiyo hiyo.

Mbona mchoraji Tingatinga alitumia rangi ya mafuta?

Ni kweli, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora kwa rangi ya kung'arisha baiskeli. Lakini rangi ile husafishwa kwa tina, na harufu yake huumiza kichwa na kuamsha pumu. Kwenye chumba cha wazee haifai.

Mikono inatetemeka, vidole vimekakamaa. Watashikaje brashi?

Zungushia mpini sifongo au kitambaa, ufunge kwa mpira, hadi unene ufike wa gunzi la mahindi. Meza iwe usawa wa kiwiko, miguu ikanyage sakafu. Asiyeweza brashi kabisa apewe bamia: likate kwa upana, lichovye kwenye rangi, ligandamize. Linaacha ua dogo lenye pembe tano, na kazi yote ni kugonga tu. Maganda mabichi ya korosho yasikaribie meza hata kama yamejaa uani, kwa sababu mafuta yake huunguza ngozi.

Aliyepata kiharusi huenda akapaka upande wa kulia tu, kana kwamba wa kushoto haupo. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto, umwombe autafute kabla ya kuanza. Macho ya uzeeni pia hayatofautishi vizuri rangi zinazokaribiana, basi tandika kitambaa cheusi chini ya karatasi nyeupe ili kingo zionekane.

Nini huharibika mara nyingi?

Mzee kunywa maji ya kuoshea brashi. Yakiwekwa kwenye kikombe, mwenye kusahausahau atayaona ni chai. Yaweke kwenye bakuli zito, pana, na maji ya kunywa yabaki kwenye vikombe vyao vya kila siku. Mhudumu mmoja kwa wazee 3 au 4 anatosha.

Na anayesema "mimi si mtoto"?

Ana haki ya kusema hivyo. Mpe kazi ya heshima: apige ngoma, au achague rangi za kuanzia. Usimuulize bibi "hiki ni nini?" ukiinua karatasi yake, maana anasikia kwamba hakikueleweka. Mwambie, "Bibi, nisimulie hapa."

Lini, na kwa muda gani?

Saa 4 asubuhi, baada ya chai, dakika 45 pamoja na kunawa. Mwenye kisukari awe ameshakula. Mchezo huu hautibu usahaulifu wala kiharusi, ila bega na vidole vinafanya kazi, na aliyenyamaza tangu juzi anapata cha kuzungumza na jirani. Mkono ukilegea ghafla au mdomo ukipinda, acha mchezo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.