Salensa Ikilia Sana, Piki Haijaongeza Kitu

Jioni ukisimama pale Kongowea, utaisikia kabla hujaiona: Boxer iliyotobolewa salensa, inapasua masikio. Mwenyewe atakuapia kwamba piki sasa ni nyepesi kama jani.

"Ikilia ndiyo inakimbia." Si kweli. Boxer ya cc 150 hutoka kiwandani na nguvu za farasi kama 12, na hata ekzosi nzuri ya kununua, iliyofungwa sawasawa, kwa injini ndogo hivyo mara nyingi huongeza chini ya farasi mmoja. Kilichobadilika ni masikio yako. Sauti ikipanda desibeli 10, nishati yake imezidi mara kumi, na mtu akisikia kishindo hicho hudhani ni mbio. Unataka kujua? Shika saa, beba abiria, upande mlima wa kutoka feri Likoni kabla na baada ya kubadilisha. Wengi hukuta piki imekuwa nzito kwenye resi za chini, yaani injini ikizunguka polepole.

Hapo fundi atakwambia, "Injini inataka moshi uzuiwe kidogo, bila kizuizi haina nguvu." Hili ndilo gumu kuliondoa, kwa sababu lina harufu ya ukweli. Injini ya mapigo manne haitaki kuzuiwa hata kidogo. Inataka moshi utoke kwa kasi. Moshi ukichomoka kwa kasi huacha mvuto nyuma yake. Kwa muda mfupi valvu zote mbili ziko wazi, na mvuto ule hufagia moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya uingie. Funga bomba pana, la piki kubwa, na moshi utapoa na kutembea pole, mvuto upotee, nguvu ya resi za chini ife. Urefu nao una kazi: bomba refu husaidia resi za chini, fupi husaidia za juu. (Injini za mapigo mawili ni kisa kingine. Kule wimbi linalorudi hutumika kusukumiza petroli ndani ya silinda isipotee, elimu aliyoikuza Walter Kaaden wa kiwanda cha piki cha MZ, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Mwaka 1961 mwendeshaji wa mashindano wa MZ, Ernst Degner, akatoroka nayo hadi Suzuki.)

"Funga, washa, nenda zako." Ekzosi ikipumua zaidi, hewa huzidi petroli. Petroli huungua kikamilifu kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja, lakini nguvu nyingi hupatikana karibu na 13. Kwa hiyo ongeza jeti kuu ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, saizi moja, si tatu. Kimbiza ukiwa umefungua mafuta yote mahali peupe pasipo na watu, kamata klachi, zima injini papo hapo, toa plagi uitazame. Hudhurungi ya chai ya maziwa ni sawa. Nyeupe, petroli haitoshi na valvu zitaungua. Nyeusi ya masizi, umezidisha. Piki ikisumbua ukiwa umefungua mafuta nusu, gusa sindano ya kabureta. Ikisumbua ikiwa imesimama inanguruma tu, gusa skrubu ya hewa. Jeti kuu iache.

Na ile milio ya risasi ukiachia mafuta, vijana wakishangilia? Mara nyingi ni gasketi ya ekzosi inayovuja pale kwenye kichwa cha injini. Ukifungua ekzosi, weka gasketi mpya.

La mwisho: "Ikishikwa na sumaku si stainless." Aina ya 409 ya stainless, chuma kisichoota kutu kirahisi, inayotumika sana kwenye ekzosi, hushikwa vizuri tu. Na ile 304 isiyoshikwa, upepo wetu wa bahari huipiga madoa ya kutu vilevile. Ioshe mara kwa mara, ila si kwa maji ya kisima cha mtaani, ambayo nayo yana chumvi.