Ukiongeza Shawa Bafuni, Usisahau Bomba la Hewa

Kuna lalamiko ambalo mafundi bomba wa Kampala wanalijua sana. Mwenye nyumba ameweka shawa kwenye chumba kilichokuwa na choo na sinki tu. Vigae vinang'aa, maji yanaondoka vizuri. Baada ya wiki chache, bafu zima linanuka mayai yaliyooza. Anamwaga dawa na kusugua sakafu, lakini kesho yake harufu imerudi. Uchafu hauhusiki hapa. Kinachokosekana ni hewa ndani ya mabomba.

Nyumba nyingi za Kampala na Wakiso hazijaunganishwa na mtandao wa maji taka wa NWSC, shirika la taifa la maji na maji taka. Maji yake huishia kwenye tanki la septiki uani. Humo huzalishwa methani pamoja na haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo yenye ile harufu ya mayai. Kinachozuia gesi hizo zisipande hadi bafuni ni maji kidogo yanayobaki kwenye kona ya trapu, yaani kipande cha bomba kilichopinda chini ya tundu la shawa. Kina cha maji hayo kinatakiwa kisipungue milimita 50. Zile trapu fupi za sakafuni zenye kikombe kama kengele ni za bei nafuu, ila nyingi hazifikii kina hicho. Mimi nisingeziweka nyumbani kwangu.

Sasa vuta maji ya choo. Lita sita hadi tisa zinashuka kwa mkupuo mmoja, zinalijaza bomba na kuacha mvuto nyuma yake. Mvuto huo unatafuta hewa popote ilipo, na kama hakuna njia nyingine utaipata kwa kunyonya maji ya trapu ya shawa. Ndiyo maana shawa yenyewe mara nyingi haina kosa. Maji yake hutiririka polepole. Mwenye kosa ni choo kilicho kando yake, hasa pale bomba la shawa lilipochomekwa kwenye bomba la choo bila kupewa njia ya hewa.

Fundi atakwambia tanki tayari lina bomba lake la hewa. Ni kweli, na lina kazi yake, lakini haliwezi kupitisha hewa hadi kwenye trapu wakati bomba la katikati limejaa maji. Bomba la hewa la shawa liwe karibu na trapu yake.

Karibu kiasi gani? Tumia bomba la maji taka la milimita 50 lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukienda mita mbili kutoka kwenye trapu, bomba limeshashuka sentimita 5, yaani upana wake wote. Hapo mdomo wa bomba la hewa unakuwa chini ya usawa wa maji ya trapu, na trapu inaanza kujinyonya yenyewe. Mita moja na nusu ni salama.

Bomba la hewa la inchi moja na nusu linatosha. Litoke juu ya bomba la maji taka, lipande wima, na lisilale kwenda upande kabla ya kupita ukingo wa sinki kwa sentimita 15 hivi. Kisha litoboe paa. Kulikomesha juu ya dari, kama nyumba nyingi za kupangisha zinavyofanywa, ni kuhamishia gesi vyumbani. Kama kuna dirisha ndani ya mita tatu, mdomo wake uwe juu ya dirisha hilo kwa sentimita 90, na ufunikwe wavu wa kuzuia mbu. Kwenye fleti ambako paa si lako, ipo valvu inayoingiza hewa bila kuitoa. Iwekwe mahali pa kufikika, na jengo libaki na angalau bomba moja lililo wazi nje.

Kabla ya vigae kubandikwa, jaza trapu maji na upime kina kwa kijiti. Mtu avute choo huku mwingine akifungulia maji yaliyojaa kwenye sinki. Pima tena. Kina kikibaki chini ya milimita 25, fundi arudi kazini siku hiyo hiyo, kwa sababu kufumua sakafu baadaye ni gharama nyingine kabisa. Kama maji yalibaki vizuri siku ya kipimo lakini bafu la wageni linanuka baada ya miezi bila kutumika, hapo trapu imekauka tu: mwaga jagi moja la maji.