Uyoga wa njano wa miombo na miti inayoulisha

Mvua zinapokolea kati ya Novemba na Aprili, misitu ya miombo ya kusini na magharibi mwa Tanzania hutoa uyoga wa jenasi ya Cantharellus, ambao wenyeji huuchuma kwa kitoweo na kwa biashara. Ninapotumiwa picha ili niutambue, huomba kwanza kuona upande wa chini wa kofia.

Uyoga mwingi una vibapa vyembamba vinavyobanduka kwa ukucha. Cantharellus ana mikunjo ya nyama ile ile ya kofia, inayogawanyika panda, kuunganishwa na vimishipa na kuteremka hadi shinani. Hata hivyo, mikunjo ya Cantharellus platyphyllus ni mipana kiasi kwamba anayetegemea vitabu vya Ulaya anaweza kuidhania vibapa. Rangi nayo haitoshi, kwani Cantharellus congolensis ni wa kijivu-kahawia na hugeuka mweusi ukiminywa. Chimbua pia shina zima: ukikuta kikombe kwenye kitako chake, hiyo ni dalili ya Amanita, jenasi yenye spishi zinazoua, na mtu asiyezijua vizuri asiuguse kwa chakula.

Kisha tazama miti. Cantharellus haozeshi magogo. Nyuzi zake hufunika ncha za mizizi ya Brachystegia na Julbernardia, miti mikuu ya miombo, na kupenya katikati ya seli bila kuingia ndani yake, zikiupa mti fosforasi, naitrojeni na maji kutoka kwenye udongo ambao kwa kawaida ni maskini, nao mti huzilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Ndiyo maana uyoga wa mamama, ambao ni mwozeshaji, hustawi kwenye mabua ndani ya banda, ilhali huu wa miombo hauna mkulima: bila mizizi hai hauzai.

Jambo hili hunigusa kila ninapoona msitu uliokatwa kwa ajili ya mkaa. Visiki vya miombo huchipua, na vikiachwa na mizizi yake hai, kuvu, yaani nyuzi za ardhini zinazozaa uyoga huu, huweza kuendelea kulishwa hadi chipukizi zikue. Visiki viking'olewa ili kupata shamba, ushirika huo hukatika, na kupanda misonobari hakuurudishi, kwa kuwa misonobari huambatana na kuvu wengine, wakiwemo wa jenasi ya Suillus.